Mkuki wa Mkwe

Sauti ilinikauka siku ya Jumatano, na aliyeikausha ni mbuzi wa Belinda.

Watu wanasema ni mdomo wangu ulionikausha, lakini watu hao hawakulima alizeti. Mimi nililima. Mbuzi akaruka ua, akala vichwa vya alizeti kimoja baada ya kingine, na Belinda, jirani yangu hapa Mwankoko, akasimama upande wake wa ua akaniambia mbuzi ni mnyama, hajui mipaka. Nikamjibu kwamba mwenye mbuzi si mnyama. Tukaendelea hivyo tangu asubuhi mpaka watoto wakarudi kutoka shule. Nilishinda, wala sijutii. Belinda aliingia ndani akajifungia, nami nikageuka kumwambia mume wangu kwamba nimeshinda. Ikatoka sauti ya bawaba kavu, halafu haikutoka sauti yoyote.

Mughwai alikuwa ameketi kwenye kigoda, akizungusha upya kamba kwenye mshikio wa mkuki wake.

"Jesca?" akaita. "Mbona kimya? Umeshindwa?"

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu.

"Jesca, upo?"

Ikabidi nimpige begani. Akaushika uso wangu kwa mikono miwili, akashuka mpaka kooni, akasikiliza upepo mtupu ukipita. Mkuki ukamponyoka mapajani.

"Jumamosi," akasema. "Mungu wangu, Jumamosi."

Hapo lazima nieleze. Mume wangu haoni. Surua ilimchukua macho akiwa mdogo, hata rangi hazikumbuki, na huwa ananiuliza kama mimi ni mzuri nami namwambia ukweli, kwamba mimi ni mzuri sana. Kazi yake ni kilimo na mchezo wake ni mkuki. Alianzia kwenye uwele wa baba yake, kule alikokuwa akiachwa juu ya dungu, kichanja cha miti, kuamia ndege wasile nafaka. Wenzake walirusha madonge ya udongo kwa kutazama, yeye alirusha kwa kusikia mabawa. Ndivyo tulivyokutana. Nilipita kando ya shamba nimejitwika ndoo, gauni langu likavuma kwa upepo, akadhani ni kundi la kwelea, akanitungua ndoo. Nilimtukana mpaka jua likageuka. Aliponijibu, alisema, "Dada, endelea kidogo, napenda nilivyojua uliposimama." Mwaka uliofuata tukafunga ndoa.

Mrusha mkuki asiyeona hahitaji macho ya mtu, anahitaji sauti ya mtu. Mimi nasimama mbele, pembeni kidogo, namwita kwa jina lake. Yeye anakimbia hatua chache kuifuata sauti, anaachia mkuki, nami nainama. Ndoa nyingi zingefaidika na zoezi hili. Hivyo ndivyo alivyoshinda wilayani, na hivyo ndivyo alivyokuwa ashinde Jumamosi, siku ya kuchagua timu ya mkoa itakayokwenda kwenye mashindano ya taifa ya walemavu. Safari mbili zilizopita aliikosa timu kwa kidogo tu. Mwalimu wake, Fredrick, alikuwa ameshamwambia bila kuficha kwamba hii ndiyo ya mwisho. Akikosa tena, nafasi wanapewa vijana, na mkuki anarudisha.

Mughwai hakulia niliposhindwa kutoa sauti. Aliokota mkuki akaendelea kufunga kamba, lakini aliifunga, akaifungua, akaifunga tena. Nilimjua. Roho iliniuma kuliko koo.

Kesho yake mwalimu Fredrick akaja kujaribu kuita yeye. Mwalimu ni mtu mwema, amesoma michezo chuoni, lakini sauti yake ni ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyempenda. Na upepo wetu wa Singida hauna adabu. Alisema "Mughwai, huku," upepo ukaichukua ile "huku" ukaenda nayo upande wa Mandewa, na mkuki ukaifuata. Ukachoma tairi la bodaboda.

Mwenye bodaboda akaja juu. "Kwani huyu mtu haoni?"

"Haoni," mwalimu akajibu.

Kijana akatazama mkuki, akamtazama Mughwai, akaondoka akiisukuma bodaboda yake.

Ijumaa tukajaribu jirani mmoja baada ya mwingine. Mmoja aliita akakimbia kabla mkuki haujaachiwa. Mwingine alifumba macho yeye. Hata Belinda nilimsikia akikohoa nyuma ya ua kana kwamba anajitolea, nikampa mgongo. Mwalimu akaketi juu ya tofali, akaanza kutafuta maneno ya kumwambia Mughwai, nami niliyaona yakija.

Ndipo mama yangu alipofika kutoka Ikungi.

Mama yangu anaitwa Theresia, na alikuja kwa sababu alisikia binti yake amekuwa bubu, habari ambayo haikuwahi kutokea kwenye ukoo. Alikuja na chupa ya asali, tangawizi, na kuku. Alisimama barabarani, mbali, akakohoa mara moja. Mughwai akaruka kutoka kwenye kigoda, akaacha mkuki, akaenda nyuma ya kihenge cha nafaka akageukia ukuta.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawaambiani neno moja kwa moja, na hakuna anayetamka jina la mwenzake hata akitaka kufa maji. Wakikutana njiani, mkwe anaacha njia na kumpa mama mkwe mgongo mpaka apite. Hivyo ndivyo walivyoishi wawili hawa tangu ndoa yetu, na mama alikuwa hajawahi kukanyaga uani kwangu. Siku moja nilimwuliza, "Mama, mtu mwenyewe haoni. Unamficha uso wa nini?" Akanijibu, "Mimi naona."

"Jesca!" sasa akaita kutoka barabarani. "Mwambie huyo mwenye nyumba yako ajistiri, nimeleta dawa!"

Kuku wa mtaa mzima wakanyamaza. Mwalimu Fredrick akainuka taratibu kutoka kwenye tofali.

"Ile sauti," akasema, "ni ya nani?"

Nilijinyooshea kidole, kisha nikanyoosha kidole barabarani. Sauti yangu sikuiokota, niliirithi, na niliyorithi ni nusu.

Kikao cha kumwomba mama aite badala yangu kilifanyika hapohapo: mama barabarani, mkwe nyuma ya kihenge, mwalimu katikati, mimi mpitisha maneno nisiye na sauti. Kwa mambo ya mila tulimpigia simu baba mdogo Chediel, ambaye ndiye anayeyajua kwenye ukoo wetu, au angalau ndiye anayekasirika asipoulizwa.

"Mkwe hamrushii mama mkwe hata punje ya uwele," baba mdogo alisema kwenye simu. "Sembuse mkuki!"

"Shikamoo mzee. Hamrushii yeye," mwalimu akasema. "Anarusha pembeni yake."

"Marahaba. Pembeni kiasi gani?"

Mwalimu akatazama upande lilikosimama lile tairi la bodaboda jana yake. 

"Haya," baba mdogo akasema baada ya kukohoa kwingi. "Aite. Ila asimwambie yeye. Apaze sauti kwa mtu mwingine, na mkwe asikie kwa bahati. Na jina asitaje. Jina likitajwa, mnaniletea matatizo."

"Jesca, mwambie mwalimu nimekubali," mama akasema kutoka barabarani. "Nilipomtoa binti yangu kwa mtu asiyeona, Ikungi nzima ilinisema. Sokoni walinisema, kanisani walinisema. Sasa nataka waje wakae kwenye jua wamwone."

 Nyuma ya kihenge Mughwai akasema, "Jesca, mwambie mama namshukuru."

Nikafungua mdomo. Ukatoka upepo.

"Mwambie nimesikia," mama akajibu.

Jumamosi uwanja ulijaa. Ikungi ilikuja kweli, na miavuli yake na vyombo vyake vya chakula. Upande mmoja kulikuwa na hema la wakubwa, viti vyenye vitambaa na maji ya chupa. Mwamuzi alikuwa mwanamke mmoja mkali anayeitwa Magreth, mwenye bendera nyeupe ya kurusha kuzuri na nyekundu ya kuharibu. Aliwataka watu wote wanyamaze wakati wa kurusha, na watu wa Singida wakanyamaza, jambo lililonitia hofu zaidi. Kila mrushaji alikuwa na nafasi tatu.

Mughwai akafungwa kitambaa cheusi machoni kama wenzake, ingawa yeye anasema huko ni kumvalisha samaki koti la mvua. Mwalimu akamwongoza mpaka kwenye njia ya kukimbilia, akamwacha. Mama akasimama ninaposimama mimi, mbele, pembeni, kitenge kimefungwa kiunoni sawasawa. Mimi nikasimama kando yake nikiwa yule mtu mwingine anayeambiwa.

Akavuta pumzi.

"JESCA! MWAMBIE MWENYE NYUMBA YAKO KWAMBA SISI TUKO HUKU NA TUNAMHESHIMU!"

Namwamini mume wangu kwamba alitaka kuja kwetu. Nilimwona akiinua mkuki vizuri, nilimwona akipiga hatua ya kwanza. Lakini sauti ilipomfikia barabara, mwili wake ulikumbuka njia zote alizowahi kumwachia mama mkwe. Ukageuka wenyewe. Akatupa mgongo kwa heshima kubwa, akakimbia hatua zake zote kuelekea upande wa pili, akaachia.

Hema la wakubwa likalala chini kwa pamoja. Sijawahi kuona suti nyingi hivyo chini ya meza. Mkuki ukachoma kiti kikubwa cha katikati, kile cha mgeni rasmi, ukabaki umesimama humo ukitikisika. Kwa bahati nzuri mgeni rasmi alifuata desturi ya wageni rasmi, alikuwa bado hajafika.

Magreth akainua bendera nyekundu. 

"Umekwenda vizuri?" Mughwai akauliza.  "Mbona nasikia meza?"

Watu wa Ikungi wakaanza kucheka. Mama akajivuta kitenge, na nikaona macho yake yamejaa maji, ya aibu au ya hasira sikujua. Hapo ndipo akili iliponijia. Ingekuja na sauti ningeieleza vizuri, lakini ilibidi niieleze kwa mikono. Nilimkamata mama mkono nikamburuta. Akapinga, nikaburuta. Nikampitisha kando ya uwanja mzima mpaka nyuma ya njia ya kukimbilia, nyuma kabisa ya mgongo wa Mughwai, nikamsimamisha hapo, nikamwonyesha mwalimu: mama huku, mgongo huku, mkuki kule.

 Mwalimu akapiga paji lake la uso. "Kumbe! Aitiwe nyuma!"

Magreth akaulizwa kama inaruhusiwa. Akafungua kitabu chake cha sheria, akakifunga. Akasema mwitaji anaweza kusimama popote, mradi asiwe kule mkuki unakoangukia, na kwamba kwa maoni yake leo kote ni kule mkuki unakoangukia.

Nafasi ya pili.

"JESCA! MWAMBIE MWENYE NYUMBA YAKO TUMEHAMA, TUKO NYUMA YAKE!"

Mgongo wa Mughwai ulijipanga wenyewe mbele ya mama, umenyooka, hauendi kushoto wala kulia. Mimi nilimwita mume wangu miaka yote hiyo na hajawahi kunijia moja kwa moja kama alivyomkimbia mama yangu. Akaachia. Mkuki ukapanda, ukaukata upepo, ukaenda kutua mbele ya alama ya yule kijana wa Manyoni aliyekuwa akiongoza, mbele sana, mpaka watoto walioketi huko wakahama.

Uwanja ukalipuka. Lakini Mughwai hakusimama. Alivuka mstari, akaendelea, akaingia uwanjani akikimbia, maskini mkwe wa watu, mwalimu nyuma yake akiita "Simama! Simama!" kwa ile sauti ya chumvi. Kidogo aufikie mkuki wake mwenyewe.

Bendera nyekundu. Aliyevuka mstari ameharibu.

Ikabaki nafasi moja. Mwalimu alimrudisha amemshika mkono, na wote wawili walikuwa wanahema. Nilimfuta jasho. 

"Jesca," akasema, "mwambie mama nikishaachia anyamaze."

Nikafungua mdomo kwa mazoea.

"Mwambie nimesikia," mama akasema, hatua chache nyuma yake, akitazama pembeni. "Na mwambie hata nikinyamaza, yeye atakimbia tu. Nimemwona."

"Mwambie mama ni kweli. Ile miguu si yangu." Akanishika mkono. "Mwambie pia, Jesca... mwambie nikirudisha mkuki leo, sitaona haya kwa mwalimu. Nitaona haya kwake. Alisemwa sana kwa ajili yangu."

 Mama alikaza kitenge kilichokuwa kimeshakazwa. Nilitamani kusema kitu, chochote, na kwa mara ya kwanza niliona hasara ya kugombana na Belinda.

"Mwambie akarushe," mama akasema.

Magreth akapiga filimbi. Uwanja ukanyamaza, hata miavuli. Mughwai akainua mkuki.

"JESCA! MWAMBIE MWENYE NYUMBA YAKO ASITUANGALIE SISI, AENDE ZAKE!"

Akaenda zake. Hatua, hatua, mkono ukarudi nyuma, mkuki ukatoka. Ulitoka vizuri kuliko ule wa pili, hilo nilijua kwa mlio. Lakini mguu wake wa kulia ulikuwa tayari hewani, umeinuka juu ya mstari, unakwenda kutua upande wa pili na kuondoka na kila kitu.

"MUGHWAI!"

Sauti hiyo haikuwa yangu. Mimi nilikuwa bubu.

Alisimama. Alisimama kwa mguu mmoja, mwingine ukining'inia juu ya mstari, mikono imefunguka. Mtu ambaye mama mkwe amemtaja jina hana pa kwenda. Njia zote alizojifunza za kukimbia zimekwisha. Wazee wa Ikungi wakaziba midomo. Shangazi mmoja wa Mughwai akaketi chini bila kutafuta pa kuketi. Mkuki ulikuwa bado uko hewani na hakuna aliyekuwa akiutazama. Tulisikia tu ukichoma ardhi, mbali.

Polepole, Mughwai akaurudisha mguu wake nyuma ya mstari, akautua.

"Naam, mama," akasema.

Hakusema "Jesca, mwambie". Alimjibu yeye. Mama akajifunika uso kwa kitenge, na mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi nililia bila sauti, jambo gumu kuliko mnavyodhani. Magreth naye ikabidi akumbushwe bendera. Akainua nyeupe. Walipopima, yule kijana wa Manyoni alikuja kumpa Mughwai mkono kabla hawajamaliza kukunja kamba ya kupimia. Tulikuwa tumeingia timu ya mkoa.

Baba mdogo Chediel alikuwa amesimama jukwaani muda wote, na alishuka akitikisa kichwa. Akasema alikuwa amesema. Jina limeshatajwa na limeitikiwa, mbele ya halaiki, na mwiko umevunjika pande zote mbili. Sasa ni lazima mkwe atoe mbuzi, mama mkwe aingie uani, wale pamoja, mambo yaishe.

Mbuzi hatukuwa naye. Lakini Jumapili, tulipotoka kanisani, tulimkuta amefungwa kwenye ua wangu, na Belinda kasimama kando yake akitazama miguu yake mwenyewe.

"Huyu anajua mipaka sasa," akasema. "Na sehemu ya alizeti yenu imo ndani yake."

Nikamkaribisha kwa ishara. Asali ilikuwa imeanza kufanya kazi kooni, lakini sikutaka ajue mapema.

Basi mama aliingia uani kwangu kwa mara ya kwanza, kwa mlango, na viatu. Akakaribishwa kiti. Tulinawa mikono, ugali ukaja, nyama ikaja, mwalimu Fredrick akaja kabla ya nyama. Mama aliposogeza sahani, Mughwai alisikia mlio wake, akainuka na sahani yake mkononi, akageukia ukuta wa kihenge, akaanza kula akiwa amesimama. Mwili wake ulikuwa haujaambiwa.

Mama akaweka sahani yake chini.

"Mughwai, baba," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Geuka. Nyama iko huku."

Akageuka. Alikuja taratibu, mkono mbele, mpaka ukafika kwenye bega la mama, ukakaa hapo. Mama akamshika mkono akamketisha karibu naye, akamwekea paja la mbuzi.

Mwalimu Fredrick aliuweka mfupa wake chini. 

"Mama," akasema, "samahani. Hili ni jambo zuri sana. Lakini akishakuzoea hivi, kule taifa utamwitaje? Atamkimbia nani?"

"Mwalimu, kula nyama," mama akasema. "Zamani alinikimbia kwa sababu ni mkwe. Sasa ni mwanangu. Na wanangu wote, nikipaza sauti, wanakimbia. Muulize Jesca."

Wote wakanigeukia. Sauti yangu ilikuwa imerudi tangu asubuhi ile, na nilikuwa na mengi niliyoyatunza tangu Jumatano.

"Ni kweli," nikasema, nikasogeza kigoda changu nyuma kidogo.